Dereva Hajalala

Mara ya kwanza mashine kumwambia Oliva Hhando kwamba amelala, Oliva alikuwa anaimba. Lori lilikuwa limejaa vitunguu saumu vya kutoka kijiji cha Daudi, yeye anateremka mlima wa Magara kwa gia ndogo, mikono yote miwili kwenye usukani, na wimbo wa kwaya yao ya Endagikot ulikuwa umemkaa vizuri kooni. Ghafla sauti ya mwanamke ikapasuka kutoka juu ya kioo cha mbele: "Dereva, amka! Egesha gari upumzike!"

Oliva alishtuka, nusura akanyage breki kwa nguvu pale pale mteremkoni, jambo ambalo lingemmaliza. Akatupa jicho kushoto, akatazama kioo cha pembeni. Hakukuwa na mtu. Akacheka peke yake.

"Aliyelala ni nani sasa?" akauliza, akaendelea na wimbo.

Kicheko hakikudumu. Kabla hajafika tambarare, sauti ile ilikuwa imemwamsha tena na tena, hadi akaanza kuogopa kwamba siku moja itamtupa korongoni kwa kumshtua.

Kampuni aliyoiendeshea iliitwa Nyanda Mizigo, na yadi yake ilikuwa Katesh, chini ya Mlima Hanang. Mwaka ule mwenye kampuni alikuwa amenunua mfumo wa akili mnemba wa kupanga safari za malori, na ukweli lazima usemwe: ulisaidia. Zamani lori lilipanda Daudi na saruji likashuka tupu, huku vitunguu vya watu vikichipua ndani ya magunia. Malori mawili yaliweza kukutana Masakta yakigombea mbaazi ambazo zingeenea kwenye moja. Sasa mfumo ulikusanya maombi ya wakulima kwa simu, ukaangalia mvua inanyesha wapi na barabara ipi imeharibika, kisha ukampangia kila dereva mzigo wa kwenda na wa kurudi. Mkulima aliyeambiwa lori litafika kesho asubuhi, aliliona kesho asubuhi. Oliva alikuwa wa kwanza kuusifu. Madereva wazee walipoguna, yeye ndiye aliyekaa nao kwenye kivuli cha gari kuwaonyesha namna ya kupokea safari.

Baadaye zikaja kamera. Kila lori lilifungwa moja, ndogo, ikimtazama dereva usoni, ili mfumo umjue anayesinzia na anayechezea simu njiani. Madereva wakaibatiza Mama Mkwe, maana haikukosa la kusema na haikuridhika.

Sasa, Oliva alikuwa na kope iliyolegea. Aliipata utotoni, kipindi ambacho kwao Mbulu ilikuwa bado Mkoa wa Arusha na hakuna aliyeota kwamba kutakuja kuwa na mkoa unaoitwa Manyara. Alikuwa akifunga ndama zizini, ng'ombe mama akageuza kichwa, na pembe ikampasua juu ya jicho la kushoto. Hospitalini wakamshona. Jicho lenyewe lilipona kabisa, lakini kope haikunyanyuka tena ipasavyo. Ilibaki imeshuka nusu, kama pazia lililokwama. Daktari aliyempima kabla hajapewa leseni ya malori makubwa aliandika kwamba anaona vizuri kwa macho yote mawili. Miaka yote aliyoendesha hakuwahi kuangusha hata gunia.

Mama Mkwe hakumwuliza daktari. Aliona jicho lililofumba nusu, akasema dereva amelala.

Jumatatu asubuhi meneja aliwakusanya madereva yadini kama kawaida kabla ya safari. Aliitwa Vitalis, mtu wa Songea, kijana mpole aliyesomea mambo ya usafirishaji, asiyepandisha sauti hata anapokasirika. Siku hiyo alishika tableti mkononi.

"Tumepata taarifa ya kwanza ya kamera," alisema. "Yupo dereva mmoja ambaye amesinzia kuliko wengine wote mkiwekwa pamoja. Sisemi kwa nia mbaya. Dada Oliva, mfumo umekufungia safari. Tumshukuru Mungu tumemgundua kabla hajaua mtu."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Oliva alihisi uso unawaka, lakini miguu yake haikusogea.

"Meneja, nitazame," alisema.

"Ninakutazama, dada."

"Sasa hivi nimelala?"

"Tafadhali, tusifanye..."

"Nimekuuliza swali dogo. Nimesimama mbele yako, ninaongea na wewe. Nimelala au niko macho?"

Vitalis akashusha macho kwenye tableti. "Mfumo hauna chuki na mtu, dada Oliva."

"Sijasema una chuki. Nimesema umekosea."

Funguo za lori lake alipewa Gidabuday, dereva kijana wa kutoka upande wa Basotu, ambaye alizipokea bila kumtazama machoni.

Ofisini, mlango ukiwa umefungwa, Vitalis alijaribu kuwa mwema. Alimwambia bima haitakubali kulipa lori likipata ajali mikononi mwa dereva ambaye mfumo umemkataa. Kuna nafasi ya kusimamia upakiaji stoo. Mshahara unapungua kidogo tu. Anachotakiwa ni kutia sahihi kwamba alikuwa akiendesha huku amechoka, basi, mambo yaishe.

"Nikitia sahihi nimekubali kwamba nililala."

"Ni karatasi tu, dada yangu."

"Kama ni karatasi tu, tia wewe."

Aliporudi na cheti kipya cha hospitali kinachosema macho yake ni mazima, Vitalis alikisoma chote, akakirudisha taratibu. Alisema hana uwezo wa kuufungua mfumo. Oliva akamwuliza ni nani mwenye uwezo huo. Vitalis akasema hajui, na hilo ndilo lililomuudhi Oliva kuliko yote: kwamba kati ya watu wote wa kampuni ile, hakuna hata mmoja aliyeona ni kazi yake kujua.

Basi akaanza kuja yadini kila asubuhi. Alivaa ovaroli yake, akawasalimia walinzi, akasimama mahali pale pale anaposimama siku zote wakati wa kupangiwa safari. Jina lake halikuitwa. Malori yakatoka moja moja, yeye akabaki amesimama katikati ya vumbi. Vitalis alituma mtu amwambie arudi nyumbani. Oliva akajibu kwamba yeye ni dereva wa Nyanda Mizigo, hajaachishwa kazi, na amekuja kazini.

Mzee Isidori alimfuata nje ya geti. Huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha, enzi za malori ya kampuni ya zamani, na ndiye aliyekuwa dereva mkuu wa yadi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chukua hiyo kazi ya stoo. Unapigana na ukuta, utaumia bega bure."

"Mzee, nikuulize. Wewe Mama Mkwe hajawahi kukuamsha ukiwa macho?"

Mzee Isidori akatazama barabara. Jua la asubuhi lilikuwa likimpiga usoni, na macho yake yalikuwa yamekunjwa hata yakabaki mistari.

"Ameniamsha," alisema mwishowe. "Nikitazamana na jua."

"Basi njoo tukaseme pamoja."

"Watoto wangu wako chuoni, Oliva."

"Sawa, Mzee." Akasema hivyo tu. Lakini moyoni kitu kilimkatika, kwa sababu angeweza kuapa mbele ya yeyote kwamba Mzee Isidori angekuja.

Mwisho wa wiki alipanda nyumbani Endagikot. Mama yake, Filomena, alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo. Oliva alimsimulia yote, pamoja na yale ya kuchekwa. Alikuwa amejiandaa kuambiwa avumilie, maana ndivyo wazazi wengi wanavyoshauri. Mama yake aliweka ungo chini.

"Ile kope niliishika kwa mkono wangu huu," alisema. "Njia nzima, mpaka hospitali. Ilikuwa imening'inia, nami nimeikandamiza isianguke, damu inanichuruzika hadi kwenye kiwiko. Watu njiani wakaniambia huyu mtoto jicho limeondoka, nimwache aende salama. Sikumwacha. Leo mtu wa Katesh aseme ni kope ya usingizi?"

"Ndivyo wanavyosema, mama."

"Na wewe umewajibu nini?"

"Nimewakatalia."

"Kawakatalie tena."

Oliva akapeleka shauri kwenye ofisi ya usuluhishi wa kazi mjini Babati. Kampuni ilikuja na wakili kutoka Arusha, mtu mwenye suti nzuri na haraka nyingi. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani, ambaye aliwasikiliza wote bila kuonyesha ameegemea wapi. Wakili alifungua kwa kusema kampuni haitaki ugomvi; iko tayari kumpa mama huyu kiinua mgongo kizuri, waagane kwa amani.

"Sikuja kuuza kiti changu," alisema Oliva. "Nimekuja kukidai."

Wakili akatandaza mezani jedwali lililojaa alama nyekundu. Kila alama, alieleza, ni tukio la kusinzia lililothibitishwa na mfumo. Mashine haina sababu ya kumsingizia mtu.

Oliva alizitazama zile alama. Kisha akamgeukia msuluhishi.

"Mama, hizi ni alama. Mashine haikuona alama. Iliona uso wangu, na picha zipo. Kama yenyewe imeniona, basi na wao wanione."

Msuluhishi akamwuliza Vitalis kama picha zipo. Zipo. Amewahi kuzitazama? Vitalis akakohoa. Hakuwa ameziangalia, mfumo huleta majumuisho tu. Akaambiwa azifungue.

Aligeuza kompyuta yake ili wote waone. Picha ya kwanza ikaanza: Oliva kwenye usukani, mdomo wazi, kichwa kikiyumba kwa mdundo, anaimba kwa sauti inayotikisa kabini ya lori, na juu ya wimbo ule Mama Mkwe anapiga kelele, "Dereva, amka!" Ya pili ilimkuta akiguguna hindi la kuchoma. "Dereva, amka!" Ya tatu ilikuwa Masakta. Punda walikuwa wamejaa barabarani, Oliva amesimamisha lori, ametoa kichwa dirishani, anamfokea mwenye punda, "Wewe baba, hawa wanataka niwape lifti hadi Singida?" na huku nyuma, kwa upole mkubwa, mashine inamsihi aegeshe gari apumzike.

Wakili aliangua kicheko, akajifanya anapiga chafya. Msuluhishi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

Vitalis akafungua ya nne.

Humo Oliva alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani. Haimbi. Lori linakwenda polepole kwenye barabara iliyonyooka, naye analia. Si kulia kwa siri, ni kulia kwa mtu anayejua yuko peke yake, mabega yakipanda na kushuka, macho yakiwa bado barabarani. Anajifuta kwa kiganja, anabadili gia, anataja jina. "Lucia. Lucia wangu." Na ile sauti: "Dereva, amka!"

Hakuna aliyecheka. Lucia alikuwa mdogo wake, aliyefariki kwa uzazi kabla ya Pasaka. Oliva alimzika Jumamosi na Jumatatu akapakia mahindi, kwa sababu hakukuwa na dereva mwingine wa safari ile. Hakujua kwamba kilio chake kimehifadhiwa mahali.

Vitalis alinyoosha mkono kuisimamisha.

"Iache," alisema Oliva. "Iache mpaka mwisho. Mmehesabu kilio hiki nacho kuwa usingizi. Kitazameni."

Ikaenda mpaka mwisho. Vitalis aliitazama, na uso wake ukabadilika, kwa sababu mazishini alikuwepo. Alikwenda Endagikot na gari la wafanyakazi, akatupa udongo kaburini, akamshika Oliva mkono na kumwambia kampuni iko pamoja naye. Alifunga kompyuta mwenyewe kabla hajaambiwa.

"Sina la kubishana hapa," alisema.

Wakili akamgusa mkono. "Meneja, ngoja kwanza..."

"Nimesema sina la kubishana."

Wakapigiwa simu mafundi wa mfumo, Dar es Salaam. Binti mmoja aitwaye Erica alieleza kwa uwazi kwamba mfumo ulijifunza usingizi kwa kuonyeshwa nyuso nyingi sana za watu, lakini za watu ambao macho yao mawili hufunguka sawa. Haukuwahi kuonyeshwa uso kama wa Oliva. Unaweza kuonyeshwa. Na kufungiwa kwa dereva si lazima kufanywe na mfumo wenyewe. Ni kampuni iliyochagua iwe hivyo siku ya kuuwasha.

Msuluhishi akamwuliza Oliva anataka nini. Alikuwa nayo tayari kichwani. Lori lake na mishahara yake. Picha ile ya kumlilia Lucia ifutwe, naye aone ikifutwa. Mfumo usimfungie mtu tena mpaka binadamu akae na dereva huyo waangalie picha wote wawili. Na jambo la mwisho: maneno aliyosemewa yadini yaondolewe yadini, mbele ya wale wale walioyasikia.

"Hilo la mwisho halimo kwenye fomu ya madai," alisema wakili.

"Liandike pembeni."

"Litakuwa," alisema Vitalis. Hakumtazama wakili.

Siku ilipofika, madereva walikusanyika kama kawaida. Vitalis alitoa simu mfukoni akaanza kusoma. "Uongozi wa kampuni unapenda kuwajulisha wafanyakazi wake kwamba kulijitokeza changamoto ya kiufundi iliyosababisha..."

"Meneja," alisema Oliva kutoka katikati ya watu. "Siku ile hukusoma."

Watu wakageuka. Vitalis akairudisha simu mfukoni. Bila ile simu alionekana mdogo zaidi, na kwa namna fulani mtu zaidi.

"Oliva hakulala," alisema. "Mimi nilisema amelala. Sikumwuliza, sikuangalia picha, na nikasema atakuja kuua mtu. Nilikosea. Ninakuomba radhi, dada Oliva, mbele ya wenzako."

Ndipo Mzee Isidori akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Hata mimi mashine imeniamsha nikiwa macho," alisema. "Nikitazamana na jua."

Mwingine akasema yeye humwamsha akivaa kofia. Mwingine akasema akicheka. Ghafla kila mmoja alikuwa na lake, yadi ikawa kama mnada wa ng'ombe.

Oliva alimtazama mwalimu wake wa zamani. "Leo ndiyo umekumbuka, Mzee?"

Mzee Isidori akainamisha kichwa. "Leo ndiyo nimethubutu."

Oliva hakumwambia kwamba haidhuru, kwa sababu ilidhuru. Akamwambia tu kuwa yaliyosemwa asubuhi hii yasiishie hapa, wayapeleke ofisini wote kwa pamoja, na yeye Mzee atangulie. Mzee Isidori akakubali. Gidabuday akaja na funguo. Alikuwa ameliosha lori, hata vioo vya ndani.

"Nilitaka kuzikataa siku ile," alisema. "Sikuweza."

"Siku nyingine uweze," alisema Oliva, akazipokea.

Kazi moja ilibaki kabla ya safari. Alipanda, akakaa kwenye kiti chake, na Erica akampigia simu ya video ili mfumo uonyeshwe uso wake. Kwanza Erica alimwonyesha ile picha ya kitambaa cheusi ikifutwa, kama ilivyokubaliwa, na Oliva akatazama mpaka nafasi yake ikabaki tupu. Kisha Erica akaanza kumwelekeza: tazama mbele, tazama kulia, tazama kushoto, sema kidogo, piga miayo. Alikuwa na adabu, akimwita dada kila mara.

"Vizuri sana, dada. Sasa nina ombi dogo. Ungeweza kuinyanyua hiyo kope ya kushoto kwa kidole, japo kwa sekunde chache? Mfumo utakushika haraka zaidi."

Nje, wapakiaji walikuwa wakifunga turubai. Kule Masakta wakulima walikuwa wameshaambiwa lori liko njiani, na mbaazi zao ziko kando ya barabara.

"Siinyanyui," alisema Oliva. "Mfumo wenu ujifunze ilivyo."

"Sawa, dada," Erica akasema kwenye simu. "Itachukua muda mrefu zaidi."

"Ninao."

Akaendelea kuitazama kamera, uso mkavu, jicho moja wazi na jingine nusu, mpaka binti wa Dar es Salaam alipomwambia inatosha. Kisha akawasha lori akatoka getini.